Orodha ya Majina: Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Mavazi ya Haki Moshi kwa Kujifunza Kutoka Matamasha ya Filamu

Filamu ikiisha, kabla taa hazijawashwa, majina hupanda kwenye skrini: aliyeshika kamera, aliyebeba nyaya, aliyepikia waigizaji, hata dereva. Gauni likiisha kushonwa halibaki na jina la mshonaji. Lina lebo ya kampuni na namba ya saizi, basi. Tofauti hiyo ilinijia nikiwa maktaba ya chuo hapa Moshi. Nilikuwa nasoma habari za matamasha ya filamu kwa ajili ya utafiti wa mwaka wa pili, na pembeni kulikuwa na daftari jingine lenye mipango ya onyesho la mavazi ambalo kamati yetu ya wanafunzi ilinikabidhi. Kazi mbili nilizodhani hazijuani zikawa kazi moja tangu siku ile.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au kikundi cha vijana cha Moshi au Arusha chenye pesa kidogo na muda wa kama miezi mitano. Lengo ni usiku mmoja wenye filamu fupi na mavazi, ambao kila aliyegusa nguo amelipwa sawasawa na jina lake linasomeka.

Hatua ya 1: Chagua maneno yatakayoeleweka

Kiswahili kina mtego hapa. Ukisema "mitindo yenye maadili", masikio ya watu wengi yatasikia magauni marefu na mabega yaliyofunikwa. Nilijifunza hilo kwa mama mmoja mwenye ukumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

Nikamweleza kwamba tunaandaa onyesho la mitindo yenye maadili. Uso wake ukang'aa. "Hapo mmefanya la maana sana. Watoto wa siku hizi wanatembea nusu uchi." Akaanza kunitajia punguzo la bei. Ilinibidi nimrudishe nyuma taratibu, nimweleze kwamba tunazungumzia malipo ya mshonaji, si urefu wa sketi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mnazungumzia haki ya fundi." Maneno yalikuwa yake, nami nikayachukua. Tangu siku hiyo tuliandika "mavazi ya haki" kwenye barua zote, na hakuna aliyeuliza tena maana yake.

Mkoa huu pia haukuanza jana kuuliza nani alilima na alilipwa ngapi. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933 ili mkulima mdogo wa kahawa awe na sauti kwenye bei. Ukimwambia mzee wa Kibosho au Marangu kwamba unataka kufanya kwa gauni kile ambacho ushirika ulitaka kufanya kwa kahawa, hutahitaji sentensi ya pili.

Hatua ya 2: Tarehe kwanza, mengine baadaye

Duniani, wiki ya kuuliza nani kashona nguo zetu huwa Aprili. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Waliokufa walizidi 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kampuni za Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya humo ndani yakafungwa, lakini washonaji wakaamriwa warudi kazini. Harakati inayoitwa Fashion Revolution ilizaliwa kutokana na msiba huo, na swali lake kuu ni fupi: nani alitengeneza nguo zangu?

Nilitamani sana Aprili. Lakini Aprili kwetu ni masika. Mvua ya Moshi mwezi huo haibembelezi mtu, na skrini ya nje haina pa kujificha. Kama una ukumbi wenye bati zuri, fanya Aprili, ingawa mvua kubwa ikigonga bati hata spika nzuri hazisikiki.

Desemba inavutia kwa sababu Wachaga wanarudi nyumbani na mji unajaa. Usiichague. Mafundi wanakesha na nguo za Krismasi, za kipaimara na za harusi, na ukimwongezea fundi kazi mwezi huo unamnyima usingizi wakati unajiita mtetezi wake. Mwisho wa Februari hadi mwanzoni mwa Machi kuna mbio za Kilimanjaro, na nyumba za wageni zinajaa. Sisi tulichagua wiki ya kwanza ya Juni. Mvua imeisha, mitihani haijaanza, na baridi inatibika kwa sweta. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja na robo giza linatosha kwa skrini.

Hatua ya 3: Soma matamasha ya filamu kama fundi anavyosoma mshono

Usianze na Cannes. Ni tamasha kubwa, lakini mambo yake mengi huwezi kuyaiga kwa bajeti ya mwanafunzi. Anza na yale yaliyojengwa na watu waliokuwa na vichache mkononi, na kila moja uliulize swali moja tu: hawa walitatua tatizo gani ambalo na mimi ninalo?

Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa 1997. Kwa miaka mingi moyo wake umekuwa Ngome Kongwe, kuta za mawe na anga wazi, lakini mimi nilivutiwa zaidi na maonyesho yake ya vijijini, Unguja na Pemba, ambako filamu humfuata mtazamaji alipo. Rwanda mwaka 2005 walianzisha tamasha ambalo sehemu yake iliitwa Hillywood: walibeba skrini ya kujazwa upepo hadi vilimani na kuonyesha filamu kwa watu ambao pengine hawakuwahi kukanyaga jumba la sinema. Kwa mwandaaji wa Moshi somo ni kwamba ukumbi wa kifahari si lazima. Uwanja wa shule unatosha, mradi umepata ruhusa.

Halafu kuna FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, iliyoanza 1969 na kufanyika kila baada ya miaka miwili. Hapa ndipo utafiti wangu na onyesho langu vilipokutana uso kwa uso. Thomas Sankara, aliyeiongoza Burkina Faso kuanzia 1983 hadi alipouawa 1987, aliliongezea nguvu sana tamasha hilo, na ni huyohuyo aliyewataka watumishi wa serikali wavae faso dan fani, kitambaa cha pamba kinachofumwa nchini humo. Julai 1987, akihutubia wakuu wa nchi za Afrika mjini Addis Ababa, alisema wazi kwamba ujumbe wake umevaa nguo zilizofumwa na kushonwa kwao, kwa pamba ya kwao. Kwa hiyo wazo la filamu na nguo kukaa meza moja halikutoka kwa wazungu wa mitindo. Liko Afrika, na lina miaka.

Matamasha ya filamu za mitindo pia yapo. Paris kuna lile lililoanzishwa na Diane Pernet mwaka 2008, na Milano kuna jingine lililoanza 2014. Yapitie ujifunze namna ya kupiga picha kitambaa kinavyocheza mwilini, kwa maana wanajua sana. Ila kuwa macho: filamu nyingi za aina hiyo hulipiwa na kampuni za mavazi, na ndani yake huoni mkono wa mshonaji hata mara moja. Mimi na kamati tulitazama filamu kumi na moja, tukabaki na moja.

Sasa fungua daftari, au jedwali kwenye simu. Kwa kila tamasha andika mwaka lilipoanza, mwezi linapofanyika, nani analigharamia, na kama linaweka orodha za filamu za miaka iliyopita mtandaoni. Orodha hizo za zamani ndiyo hazina. Tafuta ndani yake maneno pamba, kiwanda, mshonaji, nguo, kwa Kiingereza na Kifaransa pia. Ukipata filamu, andika jina la mwongozaji, nchi, dakika, lugha, na hasa jina la kampuni iliyoitayarisha. Filamu isizidi dakika 30. Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki Juni usiku hawatavumilia saa moja na nusu, hata iwe nzuri kiasi gani.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa mwenye mali

Hapa nilipoteza wiki tatu. Niliona filamu kwenye orodha ya tamasha fulani, nikawaandikia wenye tamasha kuomba ruhusa. Kimya. Nikaandika tena. Mwishowe nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba filamu si yao. Tamasha huonyesha tu. Mwenye haki ni mtayarishaji au msambazaji. Kwa hiyo usihangaike na anwani ya tamasha. Nenda mwisho wa ukurasa wa filamu yenyewe, au mwisho wa filamu, kwenye ile orodha ya majina, utafute kampuni ya utayarishaji.

Ukumbuke pia kwamba kulipia huduma ya kutazama filamu nyumbani hakukupi haki ya kuionyesha hadharani. Netflix, kwa mfano, huruhusu baadhi ya filamu zake za matukio halisi kuonyeshwa mara moja kwa ajili ya elimu, bila kiingilio. Ruhusa hiyo huandikwa kwenye maelezo ya filamu husika. Isipoandikwa, haipo.

Barua yetu ilikuwa hivi, nami naiweka yote kwa sababu ilijibiwa:

"Ndugu, mimi ni mwanafunzi Moshi, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tarehe 6 Juni tutafanya usiku mmoja wa filamu na mavazi kuhusu malipo ya washonaji. Hakuna kiingilio. Tunatarajia watazamaji 120, wengi wao wanafunzi na mafundi cherehani. Tunaomba ruhusa ya maandishi ya kuonyesha filamu yenu mara moja. Hatutaipakia mtandaoni na tutafuta nakala baada ya onyesho. Tunaomba pia kujua kama tunaweza kuifasiri kwa Kiswahili wakati wa onyesho. Tutawaandikia baada ya usiku huo kuwaeleza watu walisema nini."

Tafsiri kwa lugha ya mwenye filamu, lakini usiirefushe. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotufungulia mlango. Mwongozaji mmoja alitujibu ndani ya siku mbili kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwahidi majibu ya mafundi wenyewe.

Kuhusu kufasiri: mafundi wengi hawatasoma maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya skrini. Waliokua wakienda vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video mitaani, wanamkumbuka yule mtu aliyetafsiri filamu kwa sauti yake, akiingiza na maelezo humohumo. Tulimtafuta kijana mwenye sauti nzuri, akapewa filamu wiki mbili kabla, akaandika tafsiri yake na kuisoma kwenye kipaza sauti. Fanya hivyo. Ni rahisi kuliko kutengeneza maandishi, na ukumbi unakuwa kitu kimoja.

Hatua ya 5: Nguo, na pesa ya fundi

Nguo za usiku huu zisizidi kumi na mbili. Sisi tulitaka thelathini, tukapiga hesabu, tukarudi kumi na mbili. Kila nguo unayoongeza ni fundi mwingine unayemharakisha.

Moshi ina vyanzo vitatu vya vitambaa, na kila kimoja kina swali lake.

Cha kwanza ni mitumba, kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni. Watu watakuuliza: mavazi ya haki na mitumba wapi na wapi? Ni swali halali. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa Arusha, walikubaliana mitumba ipunguzwe hadi iishe ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vipumue. Marekani ikaanza kuhoji nafasi ya nchi hizi kwenye AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie bila ushuru. Rwanda ilishikilia kodi yake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Wengine, Tanzania ikiwemo, walilegeza. Ndiyo maana belo bado zinashushwa. Msimamo wangu ni kwamba mtumba una nafasi yake kama fundi wa hapa anaugeuza kuwa nguo nyingine: suti ya kiume inakuwa sketi na kizibao, shuka nene linakuwa koti. Na usimkandamize bei mama wa mitumba. Ananunua belo limefungwa, hajui kilichomo. Akikuta nusu ina madoa, hasara ni yake peke yake.

Cha pili ni khanga na vitenge. Wengi wetu tunaamini kitenge ni chetu kwa sababu tunakivaa. Kunjua ukingo usome yale maandishi madogo: vingi vimechapwa China au India. Maneno yanayojisifu ukingoni si ushahidi. Geuza kitambaa. Kilichochapwa kwa nta rangi yake hupenya pande zote mbili karibu sawa, na cha kuchapwa kawaida kinafifia mgongoni. Sisemi usikitumie. Nasema kwenye orodha ya majina andika ukweli, kimetoka wapi.

Cha tatu ni pamba ya hapa. Inalimwa kwa wingi Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi, yaani imetolewa mbegu tu, kabla haijasokotwa uzi wala kuwa kitambaa. Huko Meatu, mkoani Simiyu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990. Arusha kuna kiwanda cha Sunflag kinachosokota, kufuma na kushona. Mwanafunzi hawezi kununua jora zima, lakini waandikie wenye viwanda kuomba mabaki. Barua haigharimu kitu.

Sasa fundi. Kabla ya kupanga bei, nenda ukakae naye siku nzima. Mimi nilikaa barazani karibu na Soko Kuu, kwenye stuli ya mbao, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Fundi wangu, mama wa makamo, anatumia cherehani ya miguu ambayo mkanda wake umeungwa kwa kipande cha waya. Mpini wa mkasi ameuviringishia kitambaa kwa sababu kidole gumba kimeota sugu. Anakata kwa chaki na jicho. Pasi yake ni ya mkaa. Kabla haijagusa nguo anaipuliza majivu akiwa amegeukia barabarani, kisha anaijaribu kwenye kipande cha pembeni. Hakuwa na ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, kwa hiyo kila nguo aliipeleka kwa jirani, akalipa, akasubiri foleni, akarudi.

Gauni lenye bitana analitoza shilingi 25,000. Bitana, zipu, uzi na gundi ya kola vilikula 8,500. Ovaloki na sehemu ya kodi ya baraza, 2,000. Zikabaki 14,500 kwa kazi ya siku moja na nusu, ukiacha marekebisho ambayo mteja huwa hayalipii. Nilizipeleka namba hizo kwenye kamati. Hakuna hotuba niliyotoa mwaka ule iliyofanya kazi kama karatasi ile.

Tulikubaliana na mafundi wanne mambo haya, tukayaandika kwenye karatasi moja kila mmoja akabaki na nakala: bei ni ile anayoitaja yeye, bila punguzo la "ni la wanafunzi", nusu inalipwa kabla hajakata kitambaa, ili asikope pesa ya bitana, siku za kupima na kurekebisha zinalipwa kando, kitambaa kikiharibika kwa bahati mbaya, hasara ni ya kamati, na baada ya onyesho nguo zikiuzwa, fundi anapata sehemu iliyotajwa kwa asilimia. Usimpe fundi picha ya kazi ya mbunifu mwingine ainakili. Mbunifu naye ni mtu, na jina lake lina nafasi kwenye orodha.

Wavaaji tulichagua wanafunzi wa miili ya kila aina, wote waliotimiza miaka 18. Kila mmoja alisaini kwamba anakubali picha zake zitumike wapi na zisitumike wapi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na pazia, na mlangoni tuliweka dada mmoja wa kuzuia simu. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 6: Tengeneza filamu yenu ya dakika nne

Filamu za wengine ni nzuri, ila ukumbi wa Moshi unataka kuona Moshi. Tulipiga filamu ya fundi mmoja kwa simu. Mambo matatu yalitusaidia. La kwanza, tulimlipa nusu siku aliyoipoteza akizungumza nasi. La pili, tulirekodi maneno yake asubuhi kabla hajaanza kukanyaga cherehani, na mlio wa cherehani tukaurekodi peke yake, kisha tukauchanganya wakati wa kuhariri. Ukirekodi vyote pamoja hutasikia neno. La tatu, tulimwonyesha yeye kwanza. Alituomba tuondoe sehemu aliyotaja deni lake, tukaiondoa.

Kama mnawaza kuipeleka ZIFF au kwingineko baadaye, msiipakie YouTube. Matamasha mengi hayapendi filamu iliyokwisha kusambaa mtandaoni, na baadhi hudai yawe ya kwanza kuionyesha. Someni masharti kwanza. Mengi yanapatikana FilmFreeway, tovuti ya kuwasilisha filamu kwenye matamasha, na unaweza kuyasoma bila kulipa ada ya kuwasilisha.

Hatua ya 7: Vibali

Anzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha Afisa Utamaduni wa manispaa (Arusha ni jiji). Beba barua ya chuo yenye muhuri. Afisa Utamaduni ndiye atakayekuelekeza kinachohitajika kwa onyesho la ukubwa wako. Kwa ufupi, maonyesho ya sanaa na mitindo yako chini ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), filamu zinazoonyeshwa hadharani ziko chini ya Bodi ya Filamu, na muziki utakaopigwa una wenyewe, kwa hiyo ulizia na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Toeni taarifa polisi pia. Anza miezi miwili kabla. Siku mbili kabla ni kujitafutia presha.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Azimeni projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi. Ya darasani iliyochoka itawaonyesha vivuli. Skrini yetu ilikuwa shuka mbili nyeupe zilizoungwa na fundi, zikavutwa kwa kamba pande zote nne. Ukiacha upande wa chini bila kufungwa, upepo wa mlimani utaipeperusha picha. Kaa safu ya mwisho ujaribu kusoma maandishi madogo zaidi utakayoonyesha. Usipoyasoma wewe, bibi wa mtu hatayasoma.

Nakala za filamu ziwe kwenye flashi mbili na kompyuta moja, zote zimejaribiwa kwa projekta ileile, si nyumbani. Filamu moja iligoma kufunguka jioni ya majaribio, na kwa kuwa ilikuwa siku moja kabla, tulipata nafasi ya kuibadilisha. Kodini jenereta hata kama umeme haujakatika mwezi mzima, na iwekwe mbali, nyuma ya ukuta, maana mlio wake unameza sauti.

Ratiba yetu: saa kumi na mbili, watu wanaingia, wanapata chai, na kisusio (supu ya Kichaga) kwa watakao. Saa moja na robo, filamu ya fundi wetu. Mavazi sita. Filamu ya mgeni yenye tafsiri ya sauti. Mavazi sita. Mazungumzo dakika 20, mafundi mbele na wanafunzi wakiuliza. Majina. Saa tatu na nusu watu wanaondoka, kwa sababu daladala za Pasua na Majengo hazisubiri tamasha la mtu. Utepe na vifungashio tulitumia vya karatasi na vikapu vya ukili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingepigwa tusingeitaka.

Tulikuwa na mdhamini mmoja aliyetaka bango lake lifunike jukwaa na fulana zake za bei ya kutupa zivaliwe na wahudumu wote. Tulimshukuru, tukamkatalia. Tukapungukiwa viti arobaini, watu wakaja na mikeka.

Hatua ya 9: Majina

Andaeni orodha hii mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu inachukua muda kuliko mnavyodhani. Kwa kila nguo tuliandika: kitambaa kimetoka wapi, aliyekiuza, aliyebuni, aliyekata na kushona, mwenye ovaloki, aliyepiga pasi, aliyevaa. Pasipojulikana tuliandika "hatukuweza kujua", na mistari hiyo ilikuwa mingi kwenye nguo za mitumba. Watu waliiangalia kwa kimya kizito.

Mwulize kila mtu anataka aandikwe vipi. Wapo wasiotaka jina lao lionekane, na hiyo ni haki yao. Fundi wangu mimi nilikuwa nimemwandika Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Alipoona karatasi akasema: "Hapana mwanangu. Mtoto hajashona." Akanitajia jina lake la ubatizo na la baba yake, akanisimamia hadi nikaliandika bila kukosea herufi.

Kila ukurasa wa majina ukae kwenye skrini sekunde kumi, bila muziki mkubwa, na mshereheshaji ayasome kwa sauti. Malipo yaliyobaki yatolewe usiku huohuo, kwenye bahasha au kwa simu, kabla viti havijakusanywa. Wiki inayofuata waandikieni wenye filamu kama mlivyoahidi, idadi ya waliokuja na maneno ya mafundi, kisha futeni nakala zao. Mafundi wapelekeeni filamu yao kwenye flashi na picha zilizochapwa.

Nilipompelekea fundi wangu zake, aliomba pia ile karatasi ya majina. Ameibandika ukutani juu ya cherehani, pembeni ya bei za kupunguza suruali.